Palizi Ilikuwa Mavuno ya Kwanza

Kiswahili kina kitenzi kimoja kinachonishangaza kila ninapokitazama: kupalilia. Shambani, kupalilia ni kuondoa. Unaingia na jembe, unakata, unang'oa, unayaacha mahindi yasimame peke yake. Lakini mtu akikwambia kwamba anapalilia urafiki, au mwanasiasa akituhumiwa kupalilia chuki, maana imeshageuka: sasa kupalilia ni kulea, ni kukifanya kitu kistawi. Mwanaisimu atakueleza upesi kuwa hakuna mgongano wowote, kwa sababu anayeondoa magugu anakilea kile kilichobaki. Sawa. Ila nikiangalia jinsi palizi ilivyokuwa ikifanyika katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, naona maana hizo mbili zilikutana mahali pengine kabisa: kwenye kikapu. Aliyekwenda kupalilia alirudi nyumbani na mboga.

Ndiyo maana nataka kuandika habari za magugu kama historia, siyo kama somo la bustani. Maana gugu si jina la mmea. Hakuna mtaalamu wa mimea atakayekuonyesha ukoo unaoitwa magugu. Ni hukumu. Mtu fulani, akiwa na shamba fulani na haja fulani, ameutazama mmea akasema: wewe huna kazi hapa. Basi swali la historia ni rahisi kuliuliza, ingawa si rahisi kulijibu: ni nani aliyekuwa akihukumu, na alikuwa akitafuta nini?

Tuanze na shamba lenyewe. Mvua za kwanza zikishanyesha, mkulima anapanda mahindi au mtama, halafu anasubiri. Atasubiri miezi. Wakati huohuo udongo uliotifuliwa unaanza kutoa vitu ambavyo hakuna aliyevipanda: mchicha pori, mnavu (kwa Wachaga na wengi wa kaskazini ni mnafu), mgagani, mlenda, na pwani mchunga, ule mchungu ambao ukipikwa kwa nazi watu hugombania sufuria. Mbegu zake zilikuwa zimelala ardhini tangu misimu iliyopita, nyingine kwa miaka. Mimea hii hupenda udongo uliovurugwa, na kadhaa kati yake hupenda penye mbolea, ndiyo maana mgagani na mchicha huonekana sana pembeni mwa zizi na karibu na jalala la nyumba. Wiki chache tu baada ya mvua, majani yake yako tayari kuliwa.

Sasa linganisha hizo ratiba mbili. Ghala lina mabaki ya msimu uliopita, au halina kitu. Mahindi bado yako magotini. Hicho ndicho kipindi kigumu kuliko vyote kwa kaya ya mkulima, na ndicho kipindi ambacho magugu yamenona. Palizi ya kwanza inaangukia hapohapo. Mwanamke anayeingia shambani na jembe asubuhi anafanya kazi mbili kwa mkupuo mmoja: anasafisha mahindi, na anachuma kitoweo cha mchana. Na hang'oi vyote. Mgagani uliosimama vizuri huachwa utoe mbegu. Mnavu ulioota pembeni mwa mgomba huzungukwa na jembe. Je, huo ni mmea wa porini au wa shambani? Wenye shamba hawakuwa na haja ya kujibu swali hilo. Walijua tu kuwa palizi ni mavuno ya kwanza ya mwaka.

Kuna ushahidi wa maandishi. Mwaka 1979 mwanaanthropolojia Anne Fleuret alichapisha makala ya kitaaluma kuhusu majani ya porini katika chakula cha Washambaa wa Lushoto. Ukiijua Lushoto utaona kwa nini makala hayo ni muhimu. Hii si sehemu iliyokosa mboga za kisasa. Milima ya Usambara ni bustani ya kabichi, karoti na viazi vinavyoshushwa hadi Tanga na Dar es Salaam. Wakulima wake walikuwa wamezipokea mboga za kigeni, wanazijua na wanaziuza. Pamoja na hayo, Fleuret alikuta kwamba mboga za kuokota ndizo zilizokuwa zikiandamana na ugali, mchana na jioni. Watu walizila kwa sababu zilikuwa karibu, zilikuwa tamu kwao, na zilikuwa na virutubisho vingi. Kabichi ilipanda lori kwenda mjini, na mnavu ukabaki jikoni.

Nayapenda makala hayo kwa sababu yanavunja hadithi tuliyozoea kusikia, kwamba anayekula magugu anakula kwa kukosa. Eti ni chakula cha njaa, cha maskini, cha bibi asiyejua kitu. Washambaa wa Lushoto hawakukosa. Walikuwa na kabichi mlangoni, wakachagua.

Kwa nini basi mboga hizi hazimo katika historia ya kilimo chetu? Fungua kitabu chochote cha historia ya uchumi wa Tanganyika au Kenya, utakutana na kahawa, mkonge, pamba, chai, pareto, karafuu. Sababu ni ya kihasibu kuliko ya kisayansi. Serikali ya kikoloni iliandika kile kilichopita bandarini na kile kilicholipa kodi. Wajerumani walianzisha kodi ya nyumba mwaka 1898, na kodi ilihitaji fedha. Fedha ilihitaji zao la kuuza. Mboga iliyochumwa asubuhi ikaliwa mchana haikupimwa na mizani yoyote, haikuandikwa katika daftari la mtu, haikupanda meli. Tena iliyochuma alikuwa mwanamke, na daftari la kodi lilikuwa na jina la mwanamume. Kitu kisicho na safu katika jedwali huwa hakipo, hata kama kinalisha nchi nzima. Mimi ni mwandishi wa habari, na takwimu za kilimo hupita mezani kwangu kila mwaka. Mpaka leo sijaona safu ya mboga za kuokota.

Mwaka 1902 Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa kilimo Amani, kwenye msitu wa Usambara Mashariki. Kilikuwa kituo kikubwa cha sayansi, na kazi yake kuu ilikuwa kuleta mimea ya thamani kutoka pembe zote za dunia na kuijaribu hapo: mipira, mikwinini, kahawa, viungo, miti ya mbao. Hapo kabla, mwaka 1893, Richard Hindorf alikuwa ameagiza miche ya mkonge kutoka Florida, na inajulikana sana kuwa katika miche 1,000 iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika hai. Kutokana na hiyo 62 ukatoka utajiri mzima wa mkonge wa Tanga. Sipingi kwamba hilo ni jambo la kustaajabisha. Lakini tazama juhudi zote hizo za kuvusha bahari mmea mmoja, halafu tazama shamba la mama wa Kishambaa lililo mwendo mfupi kutoka Amani, lenye mimea mitano au sita inayolisha watu bila kupandwa. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi.

Tena historia ya Amani ina kichekesho chake. Baadhi ya mimea iliyoletwa na kituo kile kwa ajili ya faida ilitoroka bustani. Mti uitwao Maesopsis eminii, ambao kwao ni magharibi ya Tanganyika na Uganda, ulipandwa Usambara mwanzoni mwa karne ya 20. Leo watunza misitu wanahesabu kuwa ni mmoja wa wavamizi wakubwa wa msitu ule wa asili. Yaani kituo kilichoanzishwa ili kuongeza mimea yenye faida kilizaa magugu halisi, huku mimea yenye faida iliyokuwepo ikiitwa magugu.

Lakini tukio linaloonyesha vizuri kuliko yote kwamba gugu ni hukumu lilitokea kusini. Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, upande wa Kilwa, watu waliingia katika shamba la pamba wakang'oa miche. Sote tumesoma shuleni kuwa hapo ndipo Vita vya Maji Maji vilipoanza. Tumefundishwa habari za maji ya Kinjikitile, za risasi, za Songea na viongozi walionyongwa. Kile kitendo cha kwanza tunakipita haraka. Hebu tukae nacho kidogo. Watu wale hawakuanza kwa kuchoma boma wala kumpiga mtu mshale. Walianza kwa kupalilia. Pamba ilikuwa imelazimishwa. Ilikula siku zao za kazi katika msimu uleule ambao shamba la chakula lilihitaji mikono. Haikulika, na malipo yake yalikuwa dhihaka. Katika macho ya aliyelilima lile shamba, pamba ndiyo iliyokuwa imeota mahali pasipo pake. Wakaing'oa kama unavyong'oa gugu, na serikali ya Wajerumani ikaelewa mara moja kwamba hiyo ni vita.

Kilichofuata tunakijua. Majeshi ya Wajerumani yalichoma mashamba na maghala, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya wanahistoria hufika hadi 250,000 au 300,000. Ile miche michache iliyong'olewa Nandete ilikuwa hoja kuhusu nani mwenye haki ya kuamua mmea upi ni zao na upi ni gugu. Hoja ile ilijibiwa kwa moto.

Silaha nyingine ilikuwa jina. Chukua mnavu. Wazungu walipoukuta walikuwa tayari na jina la jamaa zake wa Ulaya. Kijerumani na Kiingereza yote mawili yanaubebesha ukoo huo jina lenye kivuli na usiku ndani yake, na katika Kiingereza jina hilohilo, likiongezewa neno la mauti, ni la mmea mwingine kabisa, Atropa belladonna, ambao ni sumu kali kweli. Vitabu vya Ulaya vikauweka mnavu kwenye ukurasa wa mimea ya hatari na magugu ya shamba la ngano. Ni kweli kuwa mnavu si wa kuchezea. Ni ukoo wenye spishi kadhaa zinazofanana, na tunda bichi lina sumu. Wapishi wa huku walijua hilo muda mrefu: huchuma majani machanga, huyachemsha, wengine humwaga maji ya kwanza kupunguza uchungu, wengine huweka maziwa. Lakini ujuzi wa jikoni haukuwa kitabu, na kitabu ndicho kilichofundishwa katika vyuo vya kilimo. Mwanafunzi wa Kiafrika alijifunza kwa lugha ya kigeni kuwa ni sumu ile mboga aliyolishwa na mama yake.

Mnavu una majina mengine, na yenyewe ni historia. Wakikuyu huuita managu, Wakisii rinagu, Wajaluo osuga, Waluhya lisutsa. Mgagani ni chinsaga kwa Wakisii na tsisaka kwa Waluhya, na katika jamii nyingi za magharibi mwa Kenya ni chakula anachopewa mwanamke aliyetoka kujifungua ili arudishe damu na nguvu. Hakuna kabila linalotoa jina la heshima, na desturi ya uzazi juu yake, kwa mmea lisilouthamini. Hukumu ya kwamba haya ni magugu haikutoka jikoni.

Mlenda nao una safari ndefu kuliko zote. Mojawapo ya mimea tunayoiita mlenda kitaalamu ni Corchorus olitorius. Misri huuita mulukhiya, na ni chakula chao cha taifa kama ugali ulivyo kwetu. Mwanzoni mwa karne ya 11, Khalifa al-Hakim wa dola ya Fatimiya, aliyetawala Kairo tangu 996 hadi 1021, alipiga marufuku watu wasiile. Wanahistoria wa Kiarabu wanatoa sababu ya kisiasa: ilisemekana ilipendwa na Muawiya, adui wa kale wa ukoo ambao Wafatimiya walijinasibu nao. Mpaka leo wako Wadruze wanaoiepuka kwa sababu ya amri ile. Fikiria, mboga ya mlenda kuhukumiwa kwa kosa la kupendwa na mtu asiyefaa! Khalifa akaondoka, marufuku ikafutika kwa Wamisri wengi, na mulukhiya ikarudi chunguni.

Kisha mmea huohuo una maisha ya pili. Shina lake lina nyuzi. Bengali walilima aina mbili za Corchorus kwa ajili ya nyuzi hizo, na olitorius ni mojawapo, ikiwa imezoeshwa kurefuka ikampita mtu kimo. Katika karne ya 19 nyuzi za Bengali zilisafirishwa hadi Dundee, Scotland, zikalainishwa kwa mafuta ya nyangumi na kufumwa viwandani. Vita vya Krimea vya 1853 hadi 1856 vilipokatisha kitani cha Urusi, Dundee ikatajirika kwa magunia. Neno lenyewe gunia lilitufikia kutoka upande wa Bara Hindi. Kwa hiyo kahawa ya Kilimanjaro na karafuu za Unguja, yale mazao yaliyokuwa na safu katika jedwali, yalisafiri ndani ya ndugu wa mlenda. Na mkulima aliyeyafunga magunia hayo alirudi nyumbani akala ugali kwa mlenda, ambao afisa kilimo alimwambia aung'oe.

Ugogoni, ambako mvua ni chache na kiangazi ni kirefu, mlenda haukuishia msimu wa palizi. Ulikaushwa, ukatwangwa, ukahifadhiwa kama unga hadi miezi ambayo hakuna jani bichi popote. Hiyo ni teknolojia kamili ya kuhifadhi chakula: haihitaji umeme, haihitaji kopo, na iligunduliwa kwa ajili ya gugu.

Wala si Afrika peke yake. Mwanasayansi wa Urusi Nikolai Vavilov, aliyezunguka dunia kukusanya mbegu, alionyesha kuwa nafaka iitwayo rai ilianza kama gugu katika mashamba ya ngano huko Asia ya Magharibi. Wakulima waliing'oa, nayo ikarudi, maana mbegu zake zilichanganyika na za ngano. Lakini kadiri kilimo kilivyopanda milimani na kuelekea kaskazini kwenye baridi kali, ngano ikashindwa na rai ikasimama. Gugu likawa mkate wa Urusi, Poland na Ujerumani. Vavilov mwenyewe alifungwa na serikali ya Stalin, akafa kwa njaa gerezani Saratov mwaka 1943, mtu aliyetumia maisha yake kutafuta namna binadamu wasife njaa. Somo lake ni kwamba mstari kati ya gugu na zao husogea. Mwaka mgumu ukija, mmea uliodharauliwa ndio unaoweza kubaki umesimama.

Sasa ngoja. Sitaki msomaji aondoke akidhani nimeanzisha dini ya magugu. Yako magugu ambayo ni janga. Kiduha kinajishikiza kwenye mizizi ya mahindi na mtama, kinanyonya, na kinamwachia mkulima mabua. Gugu karoti limeenea Arusha na kwingineko, linaharibu malisho na kuwasha ngozi za watu. Gugu maji lilianza kuonekana Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 likaziba bandari na kuwazuia wavuvi kutoka. Mkulima anayepambana na haya hahitaji mashairi yangu.

Hata hivyo angalia asili yake. Gugu maji lilitoka Amerika ya Kusini, likasambazwa duniani kwa sababu ya maua yake mazuri ya zambarau. Watu walilipenda, wakalipandia mabwawa. Lantana, ambayo imefunga malisho mengi ya Afrika Mashariki, nayo ilisambazwa kama ua la bustani. Hawa wavamizi waliingia kwa mlango wa mbele, wakiwa na tiketi ya urembo. Uzuri na faida tulizoziona haraka zilitudanganya kwa upande mmoja, na udogo na ukawaida ukatudanganya kwa upande mwingine. Katika mfano wa magugu uliomo katika Injili ya Mathayo, mwenye shamba anawazuia watumwa wake wasiyang'oe mapema, wasije wakang'oa na ngano. Wahubiri huutumia kuzungumzia siku ya hukumu. Mimi husikia humo pia onyo la mkulima mzoefu: usihukumu shamba likiwa bado changa.

Leo hukumu inafanyika kwa kasi kuliko wakati wowote. Dawa ya glaifoseti iliingia soko la dunia mwaka 1974, na siku hizi dawa za kuua magugu zinauzwa katika duka la pembejeo la karibu kila mji mdogo. Asubuhi moja na bomba la mgongoni, na shamba lililohitaji watu wanne kwa wiki nzima limekuwa jeupe. Nawaelewa kabisa wanaonunua. Palizi inavunja mgongo, na mgongo unaovunjika mara nyingi ni wa mwanamke au wa mtoto anayetakiwa awe darasani. Anayeishi mjini akamlaumu mama wa shamba kwa kununua dawa, akajaribu kwanza kupalilia ekari moja ya mahindi kwa jembe la mkono.

Ila hesabu ifanywe yote. Dawa hiyo inamwondolea mwanamke kazi ya palizi, na papo hapo inamwondolea mavuno ya kwanza. Mnavu unakufa, mgagani unakufa, mlenda unakufa, na mbegu zilizokuwa zikirudi ardhini kila msimu hazirudi tena. Msimu unaofuata kitoweo kitatoka sokoni, kwa fedha, katika miezi ileile ambayo fedha haipo. Gharama hii haionekani kwenye risiti ya duka la pembejeo, kwa sababu ileile iliyokuwa katika daftari la Mjerumani: hakuna aliyeiwekea safu. Bei ya mahindi itaandikwa. Mboga iliyopotea haitaandikwa, na mwaka ukiwa mbaya tutashangaa kwa nini watoto wa eneo lenye mahindi wana upungufu wa damu.

Yapo mabadiliko ya kutia moyo, na ni haki kuyataja. Nchini Kenya, Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia ametumia miongo kadhaa kuzitafiti mboga hizi na kuzipigania, na kazi yake ni sehemu ya sababu managu na saga zimetoka kando ya zizi zikaingia supamaketi za Nairobi. Arusha, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kimezalisha mbegu za mnavu zilizoboreshwa, zenye majina kama Nduruma na Olevolosi. Majina ya nyumbani kwa mboga ya nyumbani, na mbegu hizo zinauzwa katika pakiti. Gugu limepata pakiti! Afisa kilimo wa miaka ya 1950 angefufuka leo angehitaji kukalishwa kitini.

Hapo pia nina wasiwasi mdogo. Mboga ikishapata bei, huhama mikono. Iliyokuwa ya bure pembeni ya shamba inakuwa zao lenye kitalu, mbegu ya kununua na mwenye kiwanja. Maskini aliyeila miaka yote bila kumwomba mtu anaweza kujikuta akiitazama ikipita kwenye lori, kama kabichi ya Lushoto. Kuthaminiwa na soko ni jambo jema, lakini si jambo lilelile na kuthaminiwa. Thamani ya zamani ya mnavu ilikuwa kwamba haukuhitaji ruhusa ya mtu.

Sisi wapenzi wa vitabu tunaingia wapi? Tunaingia kwenye majina. Fungua kamusi zetu utafute mimea hii. Mara nyingi utapewa maneno machache: aina ya mboga, aina ya mmea wa porini. Hutaambiwa unaota baada ya mvua ipi, unapikwaje, unachanganywa na nini, mjamzito aule au asiule, jirani wa kabila lingine anauitaje. Riwaya zetu zina mashamba mengi, lakini ni mara chache mhusika anachuma jani lenye jina. Anachuma "mboga". Elimu yote niliyoieleza hapa ilihifadhiwa vichwani mwa wanawake waliopalilia, na ilirithishwa shambani, bega kwa bega, mtoto akiambiwa: huu acha, ule ng'oa, huu weka kikapuni. Bomba la dawa linapoingia, lile somo halifanyiki tena, kwa sababu hakuna wanaotembea pamoja kati ya mistari. Mmea unaweza kurudi kwa mbegu ya pakiti. Sentensi zile hazina pakiti.

Kwa hiyo kama una mama, shangazi au bibi aliyewahi kushika jembe, muulize msimu huu kabla mahindi hayajapandiwa. Muulize majina kwa lugha yake, na uyaandike kama anavyoyatamka. Muulize ni yapi aliyaacha makusudi wakati wa palizi, na kwa nini.